Shule ndani ya nyumba ya tumbawe: mambo ya kujua kabla ya kushika mwiko

Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Bagamoyo enzi za misafara ya kwenda bara. Alizaliwa mwaka 1851, akapata mali kwa kuwatafutia wasafiri wapagazi na mahitaji ya njiani, akafariki mwaka 1897. Dar es Salaam anakumbukwa kwa hospitali iliyojengwa kwa fedha zake, na hadi leo Muhimbili kuna jengo la Sewa Haji. Bagamoyo alifanya jambo ambalo halizungumzwi sana: katika miaka ya 1890 aliitoa nyumba ya ghorofa kwa serikali ya Kijerumani iwe shule, kwa sharti kwamba wapokewe watoto wa rangi zote.

Sharti hilo lilikuwa zito kwa wakati wake. Utawala wa Waingereza uliofuata ulizigawa shule za Tanganyika kwa rangi, za Wazungu mbali, za Waasia mbali, za Waafrika mbali. Mgawanyo huo uliondolewa rasmi baada ya uhuru, mwaka 1962. Kwa hiyo aliyoyataka mzee huyu Bagamoyo yalikuja kuwa sheria ya nchi nzima zaidi ya miaka 60 baadaye. Kwa sababu hiyo pekee nyumba za namna hii zinastahili kutunzwa kwa akili, na si kwa kupakwa rangi kila anapokuja mgeni.

Ila hapa nataka kusema zaidi juu ya mawe na chokaa, kwa kuwa ndiko nyumba hizi zinakookolewa au kupotezwa. Ukanda wote wa pwani, kuanzia Lamu, Mombasa na Tanga hadi Pangani, Bagamoyo, Unguja na Kilwa, una nyumba za zamani za mawe, na baadhi yake zimekuwa shule. Karibu matatizo yake yote yanatokana na mambo mawili. La kwanza, nyingi zilijengwa ziwe makazi au maghala, hazikujengwa ziwe madarasa. La pili, mafundi wa leo wamefundishwa saruji, nao wanaletwa kutengeneza jengo lisilokubaliana na saruji.

Anza na upana wa chumba. Katika nyumba ya tumbawe, yaani iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe ya baharini, chumba kina upana wa mita 2.5 hadi 3, hata kama urefu wake ni mita 8 au 10. Kipimo hicho kinaamuliwa na boriti. Dari imebebwa na miti ya mikoko iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti ya kawaida, yenye unene wa sentimita 11.5 hadi 14, haiwezi kubeba mzigo wa dari ya chokaa ikivuka zaidi ya mita 3 hivi. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha humwagwa zege la chokaa na kokoto za tumbawe, likapigwa kwa vipande vya miti kwa siku kadhaa mpaka likashikana. Unene wake wote hufika sentimita 20 hadi 30. Kuta zinazobeba haya yote zina unene wa sentimita 45 hadi 60.

Darasa la leo lina upana wa mita 6 au 7. Mkuu wa shule mwenye watoto 45, idadi inayokubalika kwa darasa la msingi Tanzania, akiwaingiza kwenye chumba cha mita 3 kwa 8, kila mtoto anapata nusu mita ya mraba. Wazo linalofuata huja kwa urahisi: tubomoe ukuta wa katikati, vyumba viwili viwe kimoja.

Usifanye hivyo. Ukuta wa katikati ndio unaoshika ncha za boriti za vyumba vyote viwili. Piga hesabu. Dari yenye unene wa sentimita 25 ina uzito wa kilo 450 hadi 500 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo dari ya chumba cha mita 3 kwa 8 ni kama tani 11. Ukuta wa kati hupokea nusu ya kila upande, yaani jumla ya tani 11 zimeukalia. Ongeza ukuta wa ghorofa ulio juu yake, urefu mita 8, kimo mita 3.5, unene nusu mita, ambao nao ni kama tani 25. Fundi anayetoboa tundu la upana wa mita 4 na kuweka lenta nyembamba ya zege anataka zaidi ya tani 15 zining'inie juu ya vichwa vya watoto. Kabla ya kugusa ukuta wowote, tazama dari kwa chini uone boriti zimelala upande gani. Ukuta unaopokea ncha za boriti hautobolewi. Ukuta ulio sambamba na boriti unaweza kufikiriwa, kwa ramani ya mhandisi, na hata huo huenda unabeba ukuta mwingine wa juu.

Watu wengi huogopa zaidi uzito wa watoto. Mtoto wa shule ya msingi tumkadirie kilo 30. Watoto 45 ni kilo 1,350, kiasi kidogo mbele ya tani 11 za dari yenyewe. Hatari kubwa huletwa na anayetaka sakafu ya ghorofani iwe laini, akamwaga jamvi la saruji la sentimita 5 juu ya ile ya chokaa. Jamvi hilo lina kilo 110 kwa mita ya mraba, na kwa chumba kizima ni kilo 2,640. Ni sawa na kuwasimamisha watoto 88 zaidi chumbani humo, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, bila kushuka. Mwenye kuona boriti zimeanza kupinda na aulize kwanza nani alimwaga saruji juu, na lini.

Saruji ya sakafuni ina ndugu yake ukutani, na huyo ndiye mharibifu mkuu. Ukuta wa tumbawe una matundu madogo mengi na hauna tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda utambi wa kibatari. Katika ukuta wenye lipu ya chokaa, maji hayo hufika kimo cha kama mita moja, kisha hutoka nje taratibu kwa upepo na jua. Lipu ya saruji huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, yakibeba chumvi, na pwani chumvi haikosekani: ipo ardhini, ipo hewani, na mara nyingi imo kwenye mchanga wenyewe uliojengewa. Popote maji yanapokauka chumvi inabaki, inafanya punje, punje zinasukuma, na ukuta unamomonyoka kwa ndani huku lipu ya saruji kwa nje ikionekana nzima. Gonga kwa kiungo cha kidole. Ukisikia sauti ya uwazi, lipu imeshaachana na ukuta.

Shule zina kosa lake la pekee: rangi ya mafuta. Ni desturi kupaka sehemu ya chini ya ukuta wa darasa, hadi kimo cha mita 1.2 hivi, rangi nzito ya mafuta ili mikono na viatu vya watoto visiache alama. Kwenye ukuta wa tofali za saruji haina ubaya. Kwenye tumbawe ni kuufunika ukuta nailoni mahali pale pale unapohitaji kutoa maji. Ndiyo maana katika madarasa ya namna hii uozo huonekana kama mstari ulionyooka, sentimita chache juu ya ukomo wa rangi, na kila mwaka mstari hupandishwa na koti, yaani tabaka, jipya la rangi. Chokaa ya kupaka huchafuka upesi, ni kweli, lakini ndoo moja na brashi vinatosha kuirudia kila likizo, na kila koti linauongezea ukuta nguvu.

Kabla ya lipu, shughulikia maji. Agizo hili huvunjwa kuliko yote, kwa kuwa mfereji hauonekani kwenye picha ya ufunguzi. Siku ya mvua kubwa ya kwanza ya masika, mtu mmoja avae koti la mvua na kuzunguka jengo, mwingine apite ndani na tochi. Waandike maji yanaangukia wapi, yanasimama wapi, yanaingilia wapi. Nusu saa hiyo ina faida kuliko ripoti nyingi. Mara nyingi mtakuta haya:

Paa la awali lilikuwa sakafu bapa ya chokaa, baadaye likafunikwa mabati, na mabati hayana gata. Maji yote ya paa yanapiga mguu wa ukuta. Gata ziwekwe pamoja na bomba za kushusha, na mwisho wa bomba umwage kwenye mtaro wenye mteremko usiopungua sentimita 1 kwa kila mita, ulio umbali wa sentimita 60 au zaidi kutoka ukutani.

Ardhi ya nje imepanda. Miaka mia ya kufagia, kumwaga kifusi na kuinua barabara imeifanya iwe juu kuliko sakafu ya ndani. Ichimbwe ishuke sentimita 15 chini ya sakafu ya darasa, lakini kwa vipande vya mita moja moja na kwa uangalifu, maana misingi ya nyumba hizi mara nyingi ni mifupi. Ukifika chini ya jiwe la mwisho la msingi umeshachimba kupita kiasi.

Bomba na sehemu za kunawia mikono zimeegemezwa ukutani. Zihamishwe. Tangi la maji ya mvua nalo likae mbali, na maji yake ya kufurika yapewe njia.

Miche ya mikuyu imeota kwenye nyufa za juu. Usiing'oe kwa nguvu, mizizi itatoka na mawe. Ikate karibu na ukuta, shina lipakwe dawa ya kuua mizizi siku hiyo hiyo, na ufa ujazwe chokaa baada ya mzizi kufa.

Baada ya hapo saruji ya zamani ibanduliwe kwa tindo na nyundo ndogo, anza pale ilipokwisha kuachana na ukuta. Mashine ya kutoboa zege isiingie kabisa, mtetemo wake hulegeza mawe ya ndani. Kisha acheni ukuta ukauke. Unene wa sentimita 50 haukauki kwa wiki mbili. Upeni msimu mzima wa kiangazi, na pengine miwili, huku chumvi inayotoka ikifagiliwa kwa brashi kavu na kutupwa mbali. Kuosha kwa maji ni kuirudisha ndani. Najua mwalimu mkuu hapendi kufundishia kwenye chumba chenye kuta zilizochubuliwa, na wazazi wataulizia. Waelezeni sababu. Lipu iliyopigwa kwenye ukuta mbichi itakuwa chini ndani ya mwaka.

Chokaa yenyewe. Mawe yaliyochomwa tanuuni huzimwa kwa kuyatia kwenye maji, wala si maji kuyamwagia mawe, kwa sababu huchemka na kurusha. Miwani ya kukinga macho na glavu ni lazima, na wanafunzi wasikaribie. Ikishatulia ichujwe, ihifadhiwe ndani ya pipa ikiwa imefunikwa na maji wiki tatu kwa uchache, na miezi mitatu ni bora zaidi. Kama hakuna ila chokaa ya unga ya mifuko, iloweke usiku kucha au zaidi mpaka iwe ujiuji mzito.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye punje kali zilizochanganyika kubwa na ndogo. Mchanga wa ufukweni umebeba chumvi, usitumike hata ukitolewa bure. Kipimo cha kawaida ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga, lakini mchanga hutofautiana, kwa hiyo upime: jaza lita 10 za mchanga mkavu, mimina maji taratibu mpaka yaonekane juu. Yakiingia lita 3.3, nafasi kati ya punje ni theluthi, na 1 kwa 3 ni sawa. Yakiingia lita 4, mchanga huo unataka 1 kwa 2.5. Chokaa ikipungua lipu inakuwa ya unga, ikizidi inapasuka. Sehemu za chini zenye unyevu wa kudumu huongezewa unga wa matofali ya kuchoma, kama sehemu moja ya kumi ya mchanganyiko, ili ishike vizuri penye maji.

Kwa mita 10 za mraba za ukuta wa tumbawe, ambao hauko sawa, kadiria unene wa jumla wa milimita 30: ndoo 15 za lita 20 za mchanga na ndoo 5 za chokaa. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya tumbawe vya zamani vilivyookotwa kwenye kifusi. Ukuta ulowanishwe tangu jana yake na tena asubuhi. Koti la kwanza lirushwe kwa mwiko, lisikandamizwe tu, liwe na unene wa milimita 10 hadi 12, likwaruzwe, liachwe wiki moja au zaidi kabla ya la pili. Kila koti linyweshwe maji kwa kupulizia na kufunikwa magunia mabichi kwa siku 7. Fundi aliyezoea saruji atamaliza saa nane mchana na kuondoka, na chokaa iliyokauka kwa jua kabla ya kushika hubanduka kama vumbi. Kupaka nako ni koti 4 au 5 nyembamba kama maziwa, kila moja kwenye ukuta ulionyunyiziwa maji. Ukiliona koti limefunika mara ya kwanza tu, ni zito mno na litabanduka.

Kalenda ya shule hapa inasaidia. Likizo ya Juni huja masika yakiwa yameisha, upepo wa kusi una ubaridi, jua si kali: ndio wakati wa lipu. Likizo ya Desemba ni joto kali na mabaki ya vuli, ifaayo kwa kazi za mbao na bawaba.

Sasa boriti. Ncha zake zimezama ukutani kama sentimita 30, na huko ndiko huozea, mahali jicho halifiki. Katikati ya boriti inaweza kuwa ngumu kama chuma huku ncha imekuwa ungaunga. Chukua bisibisi nyembamba, choma pale boriti inapoingia ukutani, juu na pembeni. Ikizama zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, boriti hiyo imekwisha. Gonga kwa nyundo ya mbao kutoka katikati kwenda ncha, usikilize sauti inapobadilika kuwa nzito. Tafuta mifereji ya udongo ya mchwa kwenye pembe na unga mlaini wa dumuzi, mdudu atoboaye mbao, sakafuni. Chora ramani ya dari, kila boriti na namba yake. Chumba cha mita 8 kina kama 27. Boriti moja mbovu kati ya nzima mbili haileti msiba. Tatu mbovu zinazofuatana ni sababu ya kufunga chumba, na chumba cha juu yake pia, siku hiyo hiyo.

Kubadilisha kunahitaji mirunda, yaani nguzo za miti, ya kukingia iliyosimama pande zote mbili, umbali wa nusu mita kutoka ukutani, na ubao mrefu juu na chini yake. Kama chumba kiko ghorofani, mirunda mingine isimame chini ya hii mpaka ardhini, la sivyo umehamishia mzigo kwenye dari ya chini tu. Toa boriti moja, weka nyingine, jaza ukutani kwa mawe na chokaa huku ukiacha upenyo wa hewa kuzunguka ncha. Kisha ruka mbili, ushike ya nne. Usitoe mbili zinazopakana. Boriti mpya za mkoko haziokotwi tu: mikoko inalindwa, na Tanzania Bara kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Tumbawe hai nalo halichimbwi baharini tena, ndiyo sababu kifusi cha jengo la zamani hakitupwi hata kipande.

Milango na madirisha ya mbao yasiharakishwe kutolewa. Mengi yanahitaji bawaba mpya na kipande cha mbao kwenye mwimo wa chini. Dirisha refu lenye luva za mbao, kwenye chumba chenye kimo cha mita 3.5, hupitisha hewa kuliko la aluminiamu la kioo ambalo nusu yake haifunguki, na darasa la watoto 45 saa sita mchana Februari linaihitaji hewa hiyo.

Nyufa zipewe tarehe. Gundisha kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa chokaa na saruji kidogo, andika siku na mwezi, au weka alama mbili za penseli kila upande na upime kwa rula kila mwisho wa mwezi. Ufa wa zamani uliotulia unajazwa chokaa na kusahauliwa. Kioo kikikatika, au upana ukiongezeka hata milimita 1 kwa mwezi, jengo linasogea. Usikawie kwa kuwa limesimama miaka mingi: Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilisimama zaidi ya karne moja kabla ya sehemu yake kuporomoka Desemba 25, 2020, na watu wakapoteza maisha. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri ukaanza kugoma, punje za chokaa zinazodondoka darini bila mtu kutembea juu, mlio wa mbao usiku: hapo watoto washushwe, chumba kifungwe kwa kufuli, mhandisi wa halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale waitwe kwa barua yenye picha na vipimo vyako vya kila mwezi, na mirunda iwe imeshasimama kabla hawajafika.